Matibabu bila malipo na bima ya serikali kwa kaya zenye kipato kidogo Tabora: nani anastahili, na aanzie wapi

Mkoani Tabora, suala la nani atatibiwa bila kulipa huamuliwa mapema kuliko wengi wanavyodhani. Huamuliwa kwenye mkutano wa kijiji, kwenye daftari la mtendaji wa kijiji, kwenye orodha ya wazee iliyopelekwa halmashauri. Mgonjwa akifikishwa Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa, usiku wa manane, muuguzi wa zamu anaweza kumwonea huruma, lakini dirishani kinachoulizwa ni karatasi. Mwenye karatasi hupita. Asiye nayo, hata kama ni fukara kuliko aliyemtangulia, ndugu zake huambiwa wakatafute fedha.

Kwa hiyo mwongozo huu ni wa mtu aliye mzima leo. Fuatilia karatasi ukiwa na nguvu za kutembea na akili iliyotulia. Nimewaona majirani wakihangaikia barua ya mtendaji huku mgonjwa yuko wodini. Mtendaji kaitwa kikao wilayani, ofisi imefungwa, siku zinapita na deni linakua. Barua ileile ingepatikana kwa asubuhi moja mwezi uliotangulia.

Njia tatu, na kaya moja inaweza kuzitumia zote

Serikali ilipoanza kuwataka wananchi wachangie gharama za matibabu, kuanzia 1993, msamaha uliwekwa humohumo ndani ya utaratibu. Si hisani ya daktari wala upendeleo wa karani. Ni sehemu ya sera, na mwananchi anayeuomba anaomba kilicho chake.

Njia ya kwanza ni msamaha wa kundi. Hapa mtu husamehewa kwa sababu ya umri au hali yake: mtoto aliye chini ya miaka mitano, mama mjamzito, mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, mgonjwa wa baadhi ya maradhi.

Njia ya pili ni bima ya kaya. Hapa mkoa wetu una historia ya kujivunia, kwa kuwa Mfuko wa Afya ya Jamii, yaani CHF, ulianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996, kabla Bunge halijautungia sheria mwaka 2001. Kila fedha waliyochanga wanachama serikali iliongeza kiasi kilekile, utaratibu uliojulikana kama tele kwa tele. Baadaye ikaja CHF iliyoboreshwa, ambayo kaya ya watu wasiozidi sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka na kutibiwa kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa ya mkoa. Kisha Novemba 2023 Bunge likapitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Sheria hii inamtaka kila mkazi awe na bima, na inaanzisha mfuko wa kuwagharamia watu wasio na uwezo, ambao fedha zake zinatokana na ushuru na tozo za vitu kama soda, vileo, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Utekelezaji wake unakwenda kwa hatua, ndiyo maana nitasisitiza mara kwa mara kuulizia kijijini kwako kinachofanyika sasa.

Njia ya tatu ni msamaha wa asiye na uwezo: mtu ambaye hayumo kwenye kundi lolote, hana bima, na fedha hana kabisa. Huyu hupitia kwa mtendaji na ofisa ustawi wa jamii.

Watu wengi hukosea kwa kuuliza, "Familia yangu inastahili au haistahili?" Familia haipiti yote kwa njia moja. Bibi anaweza kupita kwa uzee, mjukuu kwa umri, mama kwa ujauzito, na waliobaki kwa bima. Ukilielewa hili, fedha kidogo ulizonazo zitafika mbali sana.

Hatua ya kwanza: waandike watu wote wa nyumbani

Chukua daftari la mwanafunzi. Andika kila anayelala na kula kwako: jina kamili kama lilivyo kwenye vyeti, tarehe ya kuzaliwa, uhusiano wake na mkuu wa kaya, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kwa aliyefikisha miaka 18, na maradhi ya muda mrefu kama anayo. Usimwache mtoto wa dada uliyeletewa kumlea, wala baba mkwe aliyehamia mwaka jana.

Hapa ndipo matatizo mengi ya majina hugunduliwa. Mzee anaitwa jina moja kwenye kadi ya mpiga kura na jingine kwenye kitambulisho cha taifa. Mtoto ameandikwa kwa jina la babu kwenye kadi ya kliniki na kwa jina la baba shuleni. Dirishani tofauti ya herufi mbili inatosha kukurudisha nyumbani, hasa siku yenye foleni. Chagua jina moja, lile lililo kwenye kitambulisho cha NIDA, na kuanzia sasa kila karatasi mpya ifuate hilo.

Ulizia pia kama kaya yako imo kwenye daftari la wakazi la kijiji. Wengi waliohamia Kaliua, Sikonge na Uyui na mifugo yao, au kufuata mashamba ya tumbaku, wameishi miaka mingi bila kuandikwa popote. Mtendaji hawezi kuthibitisha umaskini wa mtu asiye kwenye daftari lake. Nenda na mwenyekiti wa kitongoji, mjieleze, muandikwe. Ndugu zetu wa Ulyankulu waliokuwa wakimbizi kutoka Burundi na wakapata uraia watumie cheti chao cha uraia. Haki zao katika hili ni sawa na za raia mwingine yeyote.

Kuna kundi ninalolihurumia sana hapa: vibarua wanaotoka Kasulu, Kibondo na kwingineko Kigoma kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya tumbaku Urambo na Kaliua. Akiugua huku, mtendaji wa huku hamjui na wa kwao yuko mbali. Kama una ndugu anayejiandaa kuja kibarua, mwambie aje na barua ya utambulisho ya kijiji chake na namba yake ya NIDA. Akifika, mwenye shamba ampeleke kwa mwenyekiti wa kitongoji aandikwe kama mkazi wa muda.

Hatua ya pili: waondoe kwanza wanaosamehewa kwa kundi

*Mtoto chini ya miaka mitano.* Anatibiwa bure katika vituo vya serikali. Kinachothibitisha umri wake ni kadi ya kliniki, ile anayopimiwa uzito na kuandikiwa chanjo. Itunze kwenye mfuko wa nailoni, mbali na moshi wa jikoni na panya. Ikipotea, rudi mapema kituo alikochanjwa uandikiwe nyingine, kwa sababu rejista ya chanjo iko pale.

*Mama mjamzito.* Kliniki, kujifungua na huduma baada ya kujifungua havilipiwi katika vituo vya serikali. Aanze kliniki mapema, mimba ikiwa bado changa, kwani kadi ya kliniki ndiyo kitambulisho chake kwa msamaha huu. Kuna jambo jingine linalookoa maisha na halijulikani vya kutosha vijijini: mpango wa m-mama wa usafiri wa dharura. Mjamzito, mama aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga akipata dharura, piga 115 bila malipo. Mpango huu hutumia magari ya wagonjwa na pia madereva wa kawaida walioandikishwa katika jamii. Katika wilaya zenye umbali kama Sikonge, namba hii iandikwe kwa mkaa ukutani kama karatasi haipo.

*Mwenye maradhi yanayosamehewa.* Kifua kikuu, ukoma na VVU: dawa zake hazilipiwi. Orodha ya misamaha hutaja pia maradhi sugu kama saratani, kisukari, selimundu na magonjwa ya akili. Tofauti iko kwenye utekelezaji. Dawa za kifua kikuu utazikuta zahanati na kupewa bila swali. Dawa za kisukari zinaweza kuwa zimeisha, na msamaha hauleti dawa isiyokuwepo ghalani. Cha kufanya ni kuhakikisha ugonjwa umeandikwa kwenye faili kama ugonjwa wa kudumu, na uandikishwe kliniki ya ugonjwa huo hospitali ya wilaya au Kitete. Ukiambiwa dawa hakuna, muulize mganga swali moja la heshima: "Je, ipo dawa nyingine ya kundi hilohilo iliyopo leo, au kituo gani cha jirani kinayo?" Bohari ya Dawa ina kanda yake hapahapa Tabora, na vituo huazimana dawa.

*Mzee.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapokwama.

Umri wa kuanzia ni miaka 60. Lakini sera inasema mzee asiye na uwezo, na maneno hayo matatu ya mwisho ndiyo yanayohitaji ushahidi. Mstaafu mwenye bima ya NHIF, yaani Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, hana haja ya njia hii. Mzee mkulima wa jembe la mkono anayetegemea watoto ambao nao hawana kitu, ndiye anayekusudiwa. Halmashauri huwatambua wazee hawa kupitia vijiji na mitaa, na huwapa vitambulisho vya matibabu vyenye picha. Mwenye kitambulisho hicho hapaswi kuanza kujieleza kila anapofika hospitali. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee, na bango la kutaka mzee apishwe apate huduma kwanza si pambo.

Kama mzee wako hana kitambulisho, anza kwa mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa. Muulize orodha ya wazee wasio na uwezo inasasishwa lini. Jina likiingia, mtendaji huipeleka kata, kisha kwa ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Usipeleke jina ukakaa kusubiri. Kila baada ya wiki kadhaa ulizia limefika wapi, kwa upole, bila kuchoka.

Wazee wengi wa Unyamwezi hawana cheti cha kuzaliwa, na tarehe zao hukumbukwa kwa matukio. Hilo lisiwakatishe tamaa. Kitambulisho cha NIDA kina mwaka wa kuzaliwa. Kadi ya mpiga kura pia. Kanisa lina daftari la ubatizo, na parokia za zamani kama zile za Ndala na Tabora mjini zimetunza kumbukumbu za miaka mingi. Vyote vikikosekana, baraza la wazee la kijiji linaweza kutoa ushahidi wa umri na mtendaji akauweka kwenye barua. Wanangu mnaosoma hili mkiwa mjini: mwiteni bibi kwa simu wiki hii, muulizeni kama anacho kitambulisho cha matibabu. Wazee hawapendi kulalamika.

Hatua ya tatu: gawa majina ya bima kwa hesabu

Ukishawaondoa wanaosamehewa kwa kundi, wanaobaki ndio wanaohitaji bima. Mipango ya kaya huweka ukomo wa watu. CHF iliyoboreshwa iliweka sita: baba, mama na wategemezi wanne. Kaya za Tabora ni kubwa, kwa hiyo kila nafasi ina thamani, na nimeona nafasi zikipotezwa kwa kuandika watoto wachanga ambao tayari wanatibiwa bure, huku mwanafunzi wa miaka 14 akibaki nje.

Chukua mfano wa kaya ya watu wanane Sikonge. Baba ana miaka 44, mama 39 na ni mjamzito, bibi 71, watoto wana miaka 17, 14, 9, 6 na 3. Bibi apite kwa njia ya wazee. Mtoto wa miaka 3 apite kwa umri. Wamebaki sita kamili: baba, mama na watoto wanne. Mama awekwe ingawa ni mjamzito, kwa kuwa bima ni ya mwaka mzima na ujauzito utaisha kabla ya kadi. Kadi moja pamoja na misamaha miwili imetosha watu wanane.

Angalia pia tarehe. Mtoto wa miaka minne na miezi minane atatoka kwenye msamaha wa umri kabla kadi haijaisha, hivyo apewe nafasi kuliko mdogo wake wa mwaka mmoja. Mzee wa miaka 58 bado hayumo kwenye kundi la wazee. Mtoto mwenye selimundu, ijapokuwa ugonjwa wake umo kwenye misamaha, mimi ningempa nafasi ya kwanza kabisa kwenye kadi, kwa sababu huugua malaria, maumivu na upungufu wa damu mara kwa mara, na siku ya dharura utataka awe na vithibitisho viwili badala ya kimoja.

Kwa mwenye wake wawili, kadi ya baba, mama na watoto wanne haiwezi kubeba nyumba zote mbili. Mke wa pili na watoto wake watahitaji uandikishaji wao. Lizungumzeni nyumbani kabla ya mwandikishaji kufika, maana nimeshuhudia ugomvi mbele ya wageni.

Kabla ya kulipa, muulize mtendaji au mganga mfawidhi wa zahanati maswali haya, na majibu uyaandike:

- Mpango unaoandikisha hapa sasa ni upi, na mchango wa kaya ni kiasi gani?
- Kadi inaanza kufanya kazi siku gani baada ya kulipa?
- Inatibu hadi hospitali ya ngazi gani, na nje ya mkoa inakubalika?
- Kaya zilizotambuliwa kuwa hazina uwezo zinalipiwa na nani, na orodha yake iko wapi?

Swali la mwisho usiliache hata kidogo. Ndilo linalohusu mfuko wa wasio na uwezo katika sheria mpya, na kaya inayostahili kulipiwa haifai kuuza mbuzi ili ijilipie.

Malipo yafanyike kwa kontro namba, yaani namba ya malipo ya serikali, na uondoke na risiti au ujumbe wa simu unaothibitisha. Usimpe mtu fedha mkononi kwa ahadi ya kuletewa kadi. Siku ya kuandikishwa wote wanaoandikwa wawepo kwa ajili ya picha, pamoja na wanafunzi. Ndiyo maana Jumamosi hufaa zaidi.

Kuhusu wakati: mkulima wa Urambo ana fedha baada ya soko la tumbaku, wa Igunga baada ya mpunga au pamba. Lipa bima wiki hiyohiyo, kabla ya mabati, kabla ya redio. Wanachama wa AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, wanaweza kulipeleka jambo hili kwenye mkutano wao mkuu na kukubaliana namna ya kukusanya michango ya bima wakati wa malipo. Mvua zinapoanza na malaria kuongezeka, mifuko huwa imekwisha kukauka.

Hatua ya nne: kama mchango wenyewe hauwezekani

Kuna kaya ambazo hazina hata soko la kusubiri. Mjane mwenye ulemavu, watoto walioachwa na wazazi, mtu aliyemaliza kila kitu kumuuguza mwenzake. Kwao njia ipo, na ina hatua zake.

Kwanza, ulizia TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Kaya za Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini zilitambuliwa na wanakijiji wenyewe kwenye mkutano wa hadhara, kisha taarifa zao zikahakikiwa. Kama kaya yako imo, namba yake ya TASAF ni ushahidi mzito kuliko maelezo yoyote. Iandike kwenye kila barua. Lakini kutokuwa TASAF hakumaanishi kuwa una uwezo. Wapo waliofukarika baada ya utambuzi kupita, na wapo waliokuwa safarini siku ya mkutano. Hao wasikubali kuambiwa "hauko TASAF, basi hustahili".

Pili, lipeleke jambo lako kwenye serikali ya kijiji. Sheria ya Mfuko wa Afya ya Jamii ya 2001 iliipa kamati ya afya ya kata uwezo wa kuisamehe kaya kulipa mchango, kwa mapendekezo ya halmashauri ya kijiji. Wachache wanalijua hili. Maana yake ni kwamba jina lako lijadiliwe kwenye kikao na liingie kwenye muhtasari. Mkutano mkuu wa kijiji unapaswa kufanyika angalau kila miezi mitatu. Nenda, na kama huna ujasiri wa kusimama, mwombe mjumbe au kiongozi wa dini akusemee. Wengine huona aibu kutajwa kuwa fukara mbele ya majirani. Naielewa aibu hiyo. Lakini majirani wanajua hali yako tayari, na ushuhuda wao ndio nguvu yako.

Tatu, pata barua ya mtendaji. Barua nyingi hukataliwa kwa sababu zinasema tu "mtajwa hapo juu ni mkazi wangu, naomba asaidiwe". Ofisa ustawi wa jamii hawezi kuamua kwa maneno hayo. Mwombe mtendaji aandike kwa undani, mithili ya mfano huu:

*"Ninamtambulisha mkazi wa kitongoji cha (jina), kaya namba (namba ya daftari). Anaishi na wategemezi watano, mmoja wao mwenye ulemavu. Hana mifugo, analima ekari moja ya mahindi kwa chakula. Mwenzi wake alifariki mwaka jana. Hali yake ilijadiliwa kwenye kikao cha halmashauri ya kijiji cha tarehe (tarehe) na kikao kilithibitisha kuwa hana uwezo wa kulipia matibabu. Ninaomba apewe msamaha kwa mujibu wa utaratibu."*

Iwe na tarehe, sahihi, muhuri na namba ya simu ya ofisi ili hospitali iweze kuthibitisha. Ukitakiwa kulipia barua, omba risiti ya serikali. Tengeneza nakala, ya asili ibaki kwako.

Nne, fika kwa ofisa ustawi wa jamii. Hospitali za wilaya na Kitete zinaye. Yeye ndiye atakayekuhoji na kupendekeza msamaha wote au sehemu. Atauliza una watoto wangapi wanaofanya kazi, una ardhi kiasi gani, nani kakusafirisha hadi pale. Jibu ukweli mtupu. Maofisa hawa wamesikia mengi, na uongo mdogo ukigundulika unaharibu ombi lote.

Hatua ya tano: siku ya kuugua

Anzia zahanati au kituo cha afya cha kata, isipokuwa kwa dharura. Msamaha na bima hufuata ngazi: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Kitete, kisha Bugando kule Mwanza kwa rufaa ya kanda. Kuruka ngazi bila barua ya rufaa ndiyo sababu ya kawaida ya mwenye kadi kutozwa fedha. Barua ya rufaa iandike ugonjwa, matibabu yaliyotolewa na sababu ya kupelekwa mbele. Iangalie kabla hujaondoka.

Hospitali za mashirika ya dini, kama Nkinga kule Igunga na Ndala kule Nzega, zinatoa huduma kubwa mkoani, lakini si mali ya serikali. Huduma za msamaha katika hospitali za namna hii hutegemea mikataba na halmashauri. Kabla ya kumlaza mgonjwa, uliza mapokezi: "Je, huduma hii imo kwenye makubaliano na halmashauri, na kadi hii inapokelewa?" Kama ni dharura, mgonjwa aingie kwanza, maswali yafuate akiwa mikononi mwa daktari.

Dirishani taja hali yako mwanzoni kabisa, kabla ya faili kufunguliwa: "Huyu ni mzee wa msamaha, kitambulisho hiki hapa." Faili likishaandikwa kuwa la kulipia, kulibadilisha ni kazi. Kila unapotumwa maabara au famasi, hakikisha alama ya msamaha imo kwenye karatasi unayobeba. Mgonjwa akilazwa bila karatasi yoyote, muone ofisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo. Wengi husubiri hadi siku ya kuruhusiwa, bili ikiwa tayari imetimia, na hapo mazungumzo huwa magumu kwa pande zote.

Ikitokea msiba na deni lipo, Wizara ya Afya imekwisha kuelekeza kwamba maiti isizuiwe kwa ajili ya deni. Familia na uongozi waandikiane namna ya kulipa au kuomba msamaha. Nendeni watu wawili au watatu, akiwemo mtu mzima anayezungumza kwa utulivu.

Ukikataliwa

Omba sababu, na jina na cheo cha aliyekataa. Usigombane na karani. Hana mamlaka ya kusamehe wala ya kukataa kwa mwisho. Panda hatua: mganga mfawidhi, kisha ofisa ustawi wa jamii, kisha mganga mkuu wa wilaya. Kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wawakilishi wa wananchi, na mjumbe wake huenda ni jirani yako. Diwani wa kata naye ana nafasi ya kulisemea kwenye baraza la madiwani, hasa mkiwa wengi mliokataliwa kwa sababu ileile. Wizara ya Afya ina namba ya simu 199, haina malipo.

Andika kila hatua kwenye lile daftari: tarehe, ofisi, ulichojibiwa. Lalamiko lenye tarehe husikilizwa.

Msamaha na kadi havidumu milele. Kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari andika tarehe ya kadi kuisha, mtoto atakayetimiza miaka mitano, mzazi atakayefikisha 60, binti atakayefikisha 18 na kuhitaji namba ya NIDA. Pitia ukurasa huo kila msimu wa mavuno, fedha ikiwa bado mkononi, na mtendaji akiwa kijijini.